Nchi tajiri zinatoa zaidi kwenye misaada au kwenye jeshi? Naomba mwenye hesabu

Kijana wa Makambako

Wakubwa shikamooni, wengine salaam. Naomba kueleweshwa, maana ubishi huu nyumbani kwetu sasa unaelekea kuvunja udugu.

Nilikuwa karani wa takwimu kwenye CTC moja, yaani kliniki ya dawa za ukimwi, huku mkoani Njombe, upande wa mradi. Nani amechukua dawa, nani amepotea, nani apigiwe simu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Amri ya Marekani ya kusitisha misaada ilipotoka Januari 2025, tuliitwa kwenye kikao kifupi tukaambiwa tukabidhi tableti na funguo za kabati. Wauguzi wa serikali wakabaki na foleni yao, sisi tukarudi nyumbani. Siku hizi nauza chaja na kava za simu stendi.

Shemeji yangu ananiambia nisilalamike. Anasema wale watu wamechoka, nusu ya bajeti yao inamwagwa Afrika na wao wana jeshi la kulisha. Jamaa yangu wa stendi naye anasema hela yote ya misaada haifiki hata mafuta ya ndege zao za kivita. Ukiwauliza namba, wote wawili wanapandisha sauti. Nikiingia mtandaoni nakuta mabilioni yasiyofanana, kila mtu na yake.

Nani yuko sahihi? Na je, ni kweli hela iliyotolewa kwetu imepelekwa kwenye silaha, au hayo ni maneno ya vijiweni tu? Nawasilisha.

Bi Daftari

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Mimi ni mhasibu mstaafu, naishi Tanga. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimefunga mahesabu ya miradi iliyolipiwa na Waingereza, kwa hiyo jicho langu liko kwao zaidi, ila nitaanza na Mmarekani kwa kuwa ndiye aliyekurudisha nyumbani.

Mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwenye jeshi. Hiyo ni hesabu ya SIPRI, taasisi ya kule Stockholm inayofuatilia matumizi ya kijeshi ya dunia. Mwaka huohuo OECD, ambao ndio wanaotunza daftari la misaada ya nchi tajiri, waliandika kuwa msaada rasmi wa maendeleo wa Marekani ni dola bilioni 63.3. Gawanya mwenyewe: jeshi ni karibu mara 16. Jamaa yako wa stendi ametia chumvi kwenye mafuta ya ndege, lakini shemeji ndiye aliyepotea kabisa. Asione haya. Wamarekani wenyewe wakiulizwa kwenye kura za maoni hukisia kwamba kama robo ya bajeti ya serikali yao huenda nje, na ukweli ni karibu asilimia 1.

Wengine, bado mwaka 2024, jeshi kwanza halafu msaada, kwa mabilioni ya dola: Ujerumani 88.5 kwa 32.4, Uingereza 81.8 kwa 18, Ufaransa 64.7 kwa 15.4, Japani 55.3 kwa 16.8. Wafadhili wote walio kwenye kamati ya OECD ukiwajumlisha wanafika bilioni 212. Nchi za NATO peke yao, ule umoja wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya, zilitumia bilioni 1,506 kwenye jeshi.

Sasa ningekuomba uyaweke mabilioni pembeni, maana ndiyo yanayoleta kelele. Nchi kubwa itakuwa na namba kubwa kila upande. Mhasibu huuliza kitu kingine: uliahidi nini, ulilipa lini? Na hapa kuna ahadi mbili za asilimia ambazo ukiziweka ubavu kwa ubavu, huhitaji mtu wa kukufafanulia.

Ya kwanza ni ya Oktoba 1970. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kama msaada, na zijitahidi kufika hapo katikati ya muongo ule. Yaani 1975. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwaka 2024 waliofika ni wanne: Norway, Luxembourg, Sweden na Denmark. Wastani wa kundi zima ulikuwa asilimia 0.33, chini ya nusu ya ahadi. Marekani ilikuwa 0.22, na yenyewe haikuwahi kuikubali hiyo tarehe tangu mwanzo.

Ya pili ni ya Septemba 2014, mkutano wa NATO kule Wales. Wakaahidiana kila mmoja atumie asilimia 2 ya pato la taifa kwenye jeshi ndani ya miaka kumi. Siku hiyo waliokuwa wamefika ni watatu tu, Marekani, Uingereza na Ugiriki. Makadirio ya NATO yenyewe ya 2025 yanaonyesha wanachama wote wenye jeshi wamefika. Tena hawakupumzika: Juni 2025, The Hague, wakapandisha lengo hadi asilimia 5 ifikapo 2035, ambapo 3.5 ni jeshi lenyewe na 1.5 ni mambo yanayolizunguka, kama madaraja ya kupitisha vifaru na ulinzi wa mitandao.

Kufika 2025, ahadi ya jeshi ilikuwa na miaka kumi na moja na imelipwa. Ya msaada ilikuwa na miaka hamsini na tano.

Utasema Urusi. Ni kweli, Urusi kuitwaa Crimea 2014 na kuivamia Ukraine nzima 2022 kuliwatisha watu, na mwenye hofu hulipa haraka. Lakini mimi nimekaa na hawa watu kwenye vikao vya bajeti na ninajua sababu nyingine isiyosemwa sana. Nyambizi za Uingereza zinajengwa Barrow-in-Furness. Manowari zao mbili za kubebea ndege ziliunganishwa Rosyth, Scotland, na zote mbili ziligharimu takriban pauni bilioni 6. Barrow ina mbunge. Rosyth ina mbunge. Kuna mafundi wa kuchomelea, kuna vyama vya wafanyakazi, kuna mwenye duka la chipsi anayewauzia mchana. Ukipunguza hela ya nyambizi, kesho yake unao mlangoni. Wewe wa Makambako huna kura Barrow. Ukipunguziwa, unakabidhi tableti.

Swali lako la pili, kama hela imetolewa huku ikapelekwa kule. Kwa Marekani siwezi kukuonyesha shilingi ikihama, ila kwa Uingereza haihitaji hata upelelezi, Waziri Mkuu alisema mwenyewe bungeni. Tarehe 25 Februari 2025 Keir Starmer alitangaza kwamba jeshi litapanda hadi asilimia 2.5 ifikapo Aprili 2027, na kwamba fedha zitatoka kwenye msaada, utakaoshuka kutoka 0.5 hadi 0.3. Jeshi lilikuwa karibu na 2.3. Fanya hesabu: huku kumepungua 0.2, kule kumeongezeka 0.2. Maisha yangu yote ya uhasibu sijaona uhamisho mweupe namna hiyo. Siku mbili baadaye alikuwa Washington kwa Trump. Siku iliyofuata waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu.

Na usidhani ni ugonjwa wa chama kimoja: Starmer ni wa Labour, ila Cameron na Johnson waliomtangulia ni wa Conservative. Uingereza ilifika 0.7 mwaka 2013, ikaitungia sheria 2015 chini ya serikali ya Cameron, nchi nyingine kubwa zikawa zinaonewa aibu. Novemba 2020, serikali ya Johnson ikatangaza pauni bilioni 16.5 za nyongeza kwa jeshi kwa miaka minne. Wiki moja haijapita, wakatangaza msaada unashuka hadi 0.5. Sababu iliyotolewa ilikuwa Korona, na wakasema ni kwa muda.

Kuna jambo moja la daftari nataka ulijue, maana hata hiyo 0.5 si yote inayosafiri. Kanuni za OECD zinaruhusu nchi kuhesabu kama msaada gharama za kumhudumia mkimbizi ndani ya nchi yao kwa miezi kumi na miwili ya kwanza. Mwaka 2023 Uingereza ilitumia pauni bilioni 4.3 kwa njia hiyo, asilimia 28 ya msaada wake wote, sehemu kubwa ikiwa ni kulipia hoteli za wanaoomba hifadhi. Simlaumu mkimbizi, lazima alale mahali. Ila hoteli ya Uingereza kuandikwa kwenye mstari mmoja na chanjo ya Malawi, mimi ningeirudisha hiyo vocha.

Afande Mstaafu

Bi Daftari, heshima yako. Hesabu nimezisoma na sizipingi. Ninachopinga ni harufu ya hoja, kana kwamba bunduki ni anasa na msaada ni utu.

Mimi nilivuka Kagera nikiwa kijana. Oktoba 1978 Amin wa Uganda alipoingia, hakuna aliyeuliza chaki zinunuliwe kwanza. Mwalimu Nyerere alisimama Diamond Jubilee akasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, na nchi maskini kama hii ikabeba vita kwa mgongo wake. Baadaye tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mikanda hiyo wengine hatukuifungua hadi miaka ya themanini ilipokaribia kwisha. Mnakumbuka foleni za sukari. Pamoja na hayo sijakutana na mtu wa Bukoba aliyesema tungeacha.

Sasa Mpolandi aliyepakana na vita asifanye hivyohivyo kwa nini? Eti apunguze vifaru ili alipie karani Njombe? Huyo kijana nampa pole kwa dhati, lakini swali lake alipeleke Dodoma, si London.

Mwalimu wa Voi

Shikamoo mama, shikamoo afande. Naandika kutoka Kenya.

Afande ana hoja kwa hilo la mwisho, na niongeze chumvi kwenye kidonda chetu. Aprili 2001 marais wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti ya serikali iende kwa afya. Hawakulazimishwa na mtu. Waliotimiza tangu hapo ni wa kuhesabu kwa vidole, na Kenya yangu haimo. Kwa hiyo ile hadithi ya mama ya ahadi isiyo na mwenyewe, tuko nayo hata hapa nyumbani.

Lakini kuna kitu kuhusu ile amri ya Januari ambacho wengi hawakukiona. Iliposemekana msaada wote wa nje wa Marekani umesimamishwa, waraka wa Wizara ya Mambo ya Nje uliotoka siku chache baada ya amri uliacha mlango kwa vitu vichache. Chakula cha dharura ni kimoja. Kingine ni fedha za kununulia silaha kwa Israel na Misri. Israel ina mkataba wa dola bilioni 3.8 kwa mwaka hadi 2028, Misri kwa kawaida hupata bilioni 1.3 za kijeshi. Dawa za ukimwi zilipata ruhusa yake baadaye kidogo, tena ruhusa ya makaratasi, kwa sababu kliniki nyingi zilikuwa tayari zimefunga na waliokuwa wakizilipa wamekwisha rudishwa makwao.

Kwa hiyo shemeji wa Makambako akisema "msaada", aulizwe upi. Hata ndani ya mfuko uleule wa misaada kulikuwa na risasi, na risasi za Israel na Misri ziliachiwa mlango.

Bi Daftari

Mwalimu, marahaba, na nashukuru kwa hilo. Niweke sawa kitu kimoja tu kwa wasomaji: hizo fedha za silaha za Israel na Misri hazimo kwenye ile bilioni 63.3 niliyoitaja, kwa sababu OECD hairuhusu msaada wa kijeshi kuhesabiwa kama maendeleo. Ziko nje yake.

Afande, nawe nakuheshimu, na mume wangu alikuwa huko ulikokuwa. Sijasema Mpolandi asijilinde. Nauliza kwa nini bei ya kujilinda imekatwa kwenye mfuko mdogo kuliko yote. Uingereza ingeweza kupandisha kodi, ingeweza kukopa. Ujerumani Machi 2025 ilibadilisha katiba yake ili ikope kwa ajili ya jeshi bila kubanwa na kikomo cha madeni. Kwa hiyo njia nyingine zipo, ila zina wapiga kura wanaopiga kelele.

Tena wa kwanza kukwambia kwamba kukata msaada si kununua usalama ni askari mwenzako. Jenerali James Mattis, mwaka 2013 akiwa bado mkuu wa majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati, aliwaambia wabunge wao kwamba wasipoipa fedha za kutosha Wizara ya Mambo ya Nje, basi yeye itabidi anunue risasi zaidi. Na kabla yake Eisenhower, jenerali aliyegeuka rais, Aprili 1953 alisimama akahesabu hadharani: ndege moja ya kisasa ya mabomu ni shule ya matofali kwenye miji zaidi ya thelathini. Alikuwa akizungumzia shule za kwao.

Na kwa kuwa umetaja Dodoma, ngoja niseme la nyumbani, maana sisi tuna kisa ambacho mkono uleule ulitoa msaada na kuuza mtambo. Mwishoni mwa 2001 Tanzania ilikuwa imetoka tu kufikia hatua ya mwisho ya kusamehewa madeni chini ya ule mpango wa nchi maskini. Serikali ya Uingereza ya Tony Blair ilikuwa miongoni mwa walioushangilia. Wiki chache baadaye serikali hiyohiyo ikatoa kibali kwa kampuni yao ya silaha, BAE Systems, ituuzie rada kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno, wataalamu wa usafiri wa anga wakasema haitufai, ni mfumo wa kijeshi kwa nchi ambayo shida yake ilikuwa ndege za abiria. Clare Short, waziri wao wa misaada, aliipinga waziwazi ndani ya baraza la mawaziri. Akashindwa. Kiwanda kilikuwa kwenye kisiwa cha Wight, hukohuko Uingereza, na kisiwa kina wapiga kura.

Yaliyofuata mnayajua. Desemba 2010 kampuni ilifika mahakama ya Southwark, London, ikiri kosa la kutoweka vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara ile. Faini ilikuwa pauni 500,000, na kampuni ilikuwa imekubali kulipa 29,500,000 zije kwa wananchi wa Tanzania. Hata hapo hazikuja upesi: 2011 wabunge wetu walisafiri hadi London kuzidai. Zilipofika 2012 ndiyo ile chenji ya rada, vitabu na madawati ya shule za msingi.

Mimi bado nilikuwa kazini. Mwenzangu Mwingereza aliniuliza kama tutaiandika kwenye safu ya misaada. Nikamwambia hapana, hiyo andika marejesho.

Kijana wa Makambako

Shikamoo tena Bi Daftari, na wengine wote nimewasoma. Nimechapa majibu haya nimeyabandika kibandani. Jamaa wa stendi ameshaanza kutamba kuwa ameshinda, nimemwonyesha pale penye chumvi.

La mwisho, kama hamjachoka. Kuna nchi tajiri hata moja ambayo msaada wake unazidi jeshi lake?

Bi Daftari

Ipo. Ayalandi. Mwaka 2024 msaada wake ulikuwa asilimia 0.57 ya pato lake, jeshi halifiki hapo. Haimo NATO. Ila usishangilie upesi, fungua ukurasa wa pili: sehemu nzuri ya msaada huo ni gharama za Waukraine walioko Ayalandi yenyewe, mambo yaleyale ya vocha ya hoteli.

Afande Mstaafu

Na hawana ndege hata moja ya kivita ya kukimbiza mvamizi. Jirani yao Mwingereza ndiye anayo.

Bi Daftari

Anazo, afande, na bili yake nimekwisha kukuonyesha ilikatwa wapi.